Maksai mzee anakonda na kilimo kimekaribia

Ndugu mkulima wa Misungwi, nimekuelewa: una dume la miaka 2, maksai wa miaka 6 na mzee wa miaka 12 anayekonda, na wote unawapa mabua na pumba za mpunga kwa kipimo kimoja.

Ningeanza na huyo mzee. Wangu alikuwa akitafuna mabua kisha kuyadondosha yakiwa madonge yaliyolowa mate, nami nikadhani anadeka, kumbe magego yalikuwa yamelika. Mkatie majani mabichi laini, mwongezee mashudu ya pamba (mabaki ya mbegu za pamba zilizokamuliwa mafuta) kidogo kidogo, na umpunguzie plau. Hata hivyo, kama mnachunga kwenye mabonde yenye maji karibu na ziwa, huenda tatizo ni minyoo ya ini. Usinunue dawa kwa kubahatisha, bali mwite afisa mifugo ampime.

Maksai wa miaka 6 anahitaji kunenepeshwa miezi miwili kabla ya mvua za vuli, kwa kuwa chakula cha siku ya kufungwa nira hakijengi nguvu. Alime kuanzia alfajiri hadi saa nne, kisha anywe maji na apate muda wa kucheua kivulini.

Dume bado anakua. Mzoeze kamba na gogo jepesi tu, na umpe majani ya karanga au ya viazi vitamu. Mashudu yaliyoota ukungu yatupe, na ndama anayenyonya asipewe mashudu ya pamba kabisa, hata mazima, kwani mbegu ya pamba ina sumu inayomdhuru.