Baa ya ufukweni Kirumba: pima kabla ya kujenga

Ndugu, nimekuelewa: umepata kiwanja Kirumba, Mwanza, karibu na ziwa, unataka baa ya bia na sato wa kuchoma, na ofisi ya biashara wanakuzungusha. Usianze kupaka rangi. Chukua futi uanzie majini: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na ukiwa humo leseni haitakuokoa.

Pili, Kirumba ni Manispaa ya Ilemela, si Jiji la Mwanza. Mimi nilipanga foleni Nyamagana, upande wa Jiji, wiki nzima, kumbe dirisha silo!

Anzia kwa mtendaji wa kata. Halmashauri hutumia leseni ya vileo kupanga mji, wapi pawe na muziki na wapi watu walale, kwa hiyo nenda na mchoro: vyoo tofauti vya wanaume na wanawake, jiko lenye maji, maegesho. Afisa afya wangu alikagua choo kabla hajaniuliza jina.

Leseni ya vileo ni ya miezi sita, siyo mwaka. Majirani wakipinga, au mwenye kiwanja hana hati, muone wakili kabla hujalipa pango.