Nililipia programu ya kuzuia kompyuta isikwame, dawa ikawa raba ya shule

Mpwa wangu alinikuta barazani baada ya Alasiri, simu mkononi. "Mjomba, dawa ya kompyuta yako hii hapa." Lilikuwa tangazo la programu inayodai kuizuia kompyuta isigande, isizimike ghafla, isilete ile skrini ya buluu inayotokea Windows ikianguka. Shilingi 2,500 kwa mwaka. Wiki hiyo nilikuwa nimeandika kadi za arusi za nyumba ya jirani mara tatu, maana kila nikikaribia kumaliza, mashine inaanguka na kazi inakwenda nayo. Mama mwenye arusi alikuwa ameshaanza kunisalimia kwa ufupi. Nikalipa hapo hapo kwa M-Pesa.

Tangu siku hiyo watu watatu hapa mtaani Mkomani, Lamu, wameniuliza kama programu hizo zinasaidia. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaweka hapa yote.

Kwanza mjue ni mashine gani. Ni kompyuta ya mezani, mtumba, niliyoinunua Mombasa mwaka 2016, na hata wakati huo haikuwa kijana. Ilikuja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa mashua, ikamalizia safari juu ya punda katika vichochoro ambavyo mtu mnene hupita ubavu. Nimeiweka chumba cha chini, kwenye nyumba ya mawe ya zamani yenye dari ya boriti, na dari hiyo haikosi kudondosha chokaa kidogo kila siku. Upepo wa bahari unaingia utakavyo. Ina Windows 10 na vipande viwili vya ramu, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu hukaa zikifanya kazi, gigabaiti mbili kila kimoja. Kazi zake ni barua za watu, kadi za arusi na hesabu za chama.

Programu ile ilipoingia ilianza kwa kukagua. Ikakagua, ikakagua, kisha ikaniletea orodha ya makosa 1,147 kwa rangi nyekundu. Nilitishika kweli. Nikabonyeza pa kutengeneza, yakatengenezwa yote kwa dakika mbili. Siku tatu mashine ikatulia, nami nikamsifu mpwa wangu mbele ya watu. Siku ya nne ikaanguka mara mbili kabla ya Adhuhuri. Tena sasa ilikuwa inachukua muda mrefu zaidi kuwaka, kwa sababu programu yenyewe huamka pamoja na Windows na kukalia sehemu ya ramu ambayo tangu hapo ilikuwa haba.

Ndipo nikafanya jambo ambalo ningelifanya kabla ya kutoa pesa. Mpwa wangu ana leputopu mpya, haijafikisha mwezi. Nikamwambia aweke humo toleo la kujaribu bure la programu ile ile. Ikamkuta na makosa zaidi ya mia sita. Daktari ambaye kila apitaye mlangoni kwake ana homa, mimi nitaomba kuona kipimajoto chake.

Mengi ya makosa yale yalikuwa ya rejista, yaani daftari la ndani ambamo Windows huandika mipangilio yake na ya kila programu. Programu ikifutwa huacha humo mistari yake michache. Mistari hiyo ni kama jina la mpangaji aliyehama lililobaki kwenye mlango: halimzuii mtu kulala. Hao Microsoft wenyewe wameandika kwamba hawaungi mkono programu za kusafisha rejista, na kwamba zikikosea zinaweza kuleta hasara inayodai kusakinisha Windows upya.

Nisiwe mkali kupita kiasi, kwa maana kulikuwa na wakati vitu hivi vilikuwa na kazi. Mwaka 1999 nilikuwa na kompyuta ya Windows 98, na jamaa aliniletea sidii ya programu ya aina hii. Wakati ule Windows za nyumbani zilijengwa kwa namna ambayo programu moja mbovu iliweza kuingilia kumbukumbu ya mfumo wenyewe, na ikianguka inaanguka na nyumba nzima. Kulikuwa pia na vighala vidogo vya kumbukumbu, vya kilobaiti 64, ambavyo programu zote zilichangia kwa ajili ya madirisha na michoro. Vikijaa, mashine inagoma hata kama ramu iko tele. Programu ya ulinzi ilikaa katikati: Windows ikitaka kuiua programu iliyokosea, yeye anaidaka, anakupa nafasi ya kuhifadhi barua yako kabla haijafa. Mara moja kati ya tatu hivi nilifanikiwa kuokoa kazi. Mara nyingine mlinzi alianguka na aliyekuwa akimlinda.

Windows 95 na 98 zilikuwa na kosa la saa ya ndani: ikiwashwa bila kuzimwa kwa siku 49.7, inaganda, kwa sababu hesabu ya milisekunde imejaa. Hapa Lamu, enzi za jenereta za dizeli, hakuna aliyeligundua. Nani alipata umeme siku 49 mfululizo?

Mwaka 2001 ilikuja Windows XP, ambayo ilileta majumbani msingi wa NT uliokuwa ukitumika maofisini. Humo kila programu imewekewa chumba chake. Ikianguka, kwa kawaida inaanguka peke yake na wewe unaendelea. Ile kazi ya kudaka iliyokuwa ikiuzwa kwenye sidii ikamezwa na mfumo wenyewe, na Word nayo huweka nakala ya dharura kila dakika kumi usipoibadilisha. Sasa jiulize: kama kompyuta ya leo inaanguka nzima nzima, buluu tupu au giza tupu, ni nani anayeiangusha? Mara nyingi ni draiva, yaani programu ndogo inayozungumza na kifaa, au ni kifaa chenyewe. Kwenye mashine ya zamani, mimi huanza kushuku kifaa.

Na hapo ndipo biashara yote ya programu za ulinzi inapoingia maji. Programu haina pa kukaa isipokuwa kwenye ramu ile ile, ikiendeshwa na umeme ule ule, ikisomwa kutoka diski ile ile. Ni sawa na kumwajiri baharia wa kutoa maji chomboni, ukamkalisha juu ya ubao uliooza. Chombo kinataka kalafati. Wauzaji wanalijua hilo siku nyingi. Mwaka 1995 huko Marekani iliuzwa programu iitwayo SoftRAM95 iliyoahidi kuiongeza ramu maradufu. Ilinunuliwa kwa nakala laki kadhaa. Wataalamu walipoifungua ndani walikuta kwamba kwenye Windows 95 haiongezi kitu, na mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikaiingilia kampuni hiyo kwa madai ya uongo.

Basi mimi nilinunua daftari la shilingi thelathini, nikalifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza. Kila mashine ikianguka naandika saa, nilikuwa nafanya nini, imeangukaje: imeganda, imekuja buluu, au imezimika tu kama taa iliyopulizwa. Ikija buluu nanakili jina la kosa lililoandikwa humo. Wiki mbili. Kazi ya kuchosha, lakini daftari lile lilinifundisha kuliko ile orodha nyekundu.

Kwa sababu maradhi yalikuwa mawili, nami muda wote nilidhani ni moja.

La kwanza lilikuja baina ya Magharibi na Isha. Hakuna buluu, hakuna onyo, mashine inazimika na kujiwasha tena. Ndio wakati mji mzima unawasha taa, feni, pasi na friji za maduka, na taa yangu ya mezani hufifia kidogo. Windows huandika kumbukumbu ya matukio yake, na humo nilikuta tukio namba 41 limejaa kila jioni. Namba hiyo maana yake ni kwamba mashine iliwaka tena bila ya kuzimwa kwa utaratibu. Peke yake haikuambii sababu, lakini ukiilinganisha na saa za daftari, picha inakuja. Umeme wetu unatakiwa uwe volti 240. Fundi alipopima jioni alikuta 190 na kitu, unapanda na kushuka. Nikanunua yupiesi, yaani betri ya akiba ya kompyuta, yenye stebilaiza ya kusawazisha umeme ndani yake. Kuzimika kwa jioni kukaisha siku hiyo hiyo. Ilinigharimu zaidi ya programu mara tatu, sisemi uongo, lakini sasa umeme ukikatika napata dakika kumi za kuhifadhi na kuzima kistaarabu.

La pili lilikuwa la asubuhi, hasa baada ya usiku wa mvua za kusi. Hili lilikuja na buluu, na kosa lilikuwa MEMORY_MANAGEMENT karibu kila mara (namba yake 0x1A), yaani malalamiko ya usimamizi wa kumbukumbu. Windows ina kipimo cha ramu ndani yake: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched, itajizima na kupima. Kwangu kilipita bila kosa, nikakaribia kuachana na jambo hilo. Kisha fundi akaniazima flashi yenye MemTest86, programu ya kupima ramu inayowaka yenyewe bila Windows, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi nilikuta mistari myekundu imejaa. Nyekundu hii sikuidharau.

Ushauri wangu hapa fuateni kama nilivyofanya. Zima, ng'oa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki utoke. Gusa chuma cha kasha. Chomoa vipande vya ramu. Vyangu, zile meno zake za rangi ya dhahabu zilikuwa na utando wa kijivukijivu. Chumvi. Mnajua hewa yetu inavyofanya hata bawaba za madirisha. Nikachukua raba ya penseli, nyeupe, safi, nikasugua taratibu meno yote pande mbili, nikapangusa chengachenga zote kwa brashi kavu, nikarudisha mpaka vikalia "tak". Nikapima tena, kipande kimoja kimoja, usiku wake kila kimoja. Kimoja kikapita safi. Cha pili kikaendelea kutoa makosa, kile kimekufa. Fundi akaniuzia kingine cha mtumba, gigabaiti nne.

Tukiwa tumeshafungua tukatoa vumbi la chokaa kwenye feni ya prosesa, lilikuwa limeshikana kama blanketi. Tukatazama pia vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye bodi, kapasita. Vikivimba kichwani au vikitoa ugiligili, bodi inaaga. Kompyuta nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikufa kwa ugonjwa huo. Vyangu vilikuwa bapa, alhamdulillahi. Kitu kimoja msikifungue kabisa wenyewe ni lile sanduku la umeme lenye waya wa ukutani. Lina chaji hata likiwa limechomolewa. Likishukiwa, linabadilishwa zima.

Kabla ya yote hayo, na hili ningeliandika juu kabisa kama si kuvutwa na hadithi: nakili kazi zako kwenye flashi au diski ya nje leo, kabla hujakagua chochote. Diski ya zamani inayoanza kusoma kwa shida inaweza kumalizwa na huo ukaguzi wenyewe.

Kuna programu ambazo nisingezitupa. Zile zinazosoma joto la prosesa na hali ya diski ni za bure na zina faida, kwa sababu zinakuonyesha kinachoendelea na hazidai kwamba zitakizuia. Windows yenyewe ina ukurasa mzuri wa historia: Windows na R, andika perfmon /rel, utaona siku kwa siku nini kilianguka. Ukiona ni programu ile ile moja kila mara, ifute au isasishe, na huenda usihitaji bisibisi. Ukiona mambo yalianza siku ulipoweka printa mpya, mshuku draiva wake. Mtu mmoja wa Langoni aliniambia yeye alihamia Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na matatizo yakaisha. Nafurahi kwa ajili yake, na kwa kuwa Microsoft iliacha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, huenda na mimi nikamfuata. Ila ramu mbovu haijui unatumia Windows au Linux.

Ile programu niliifuta. Ilipokuwa ikiondoka ilifungua dirisha la mwisho kuniambia kwamba kompyuta yangu sasa iko hatarini. Huu ni mwezi wa tano tangu niifute. Kompyuta imeganda mara moja, nayo ni mimi niliyeifungulia picha mia mbili za arusi kwa mpigo.

Raba iko kwenye droo, imefungwa ndani ya karatasi. Juzi mpwa wangu aliichukua akafutie hesabu zake za shule, nikampigia ukelele mpaka majirani wakatoka.