Mwanangu Tausi, kuhusu ugonjwa wa shangazi yako

Mwanangu Tausi,

Umeniuliza kama maltipo sklerosisi ya shangazi yako, ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu, inarithiwa, na kama zile dawa za kuongeza kinga zitakusaidia. Nitafika huko. Kwanza ile siku ya soko la dagaa la Kibirizi, Kigoma, maana wewe ulikuwa mdogo.

Jua lilikuwa kali, na joto huzidisha dalili za ugonjwa huu. Mguu wa shangazi yako ukagoma, akaenda chini na beseni, dagaa wakatapakaa mchangani. Baba yako mkubwa akasema mbele ya wachuuzi, "Huyu kalewa." Dada yangu, mtu wa swala tano! Hakujibu, akaanza kuokota dagaa mmoja mmoja. Hasira inanipanda hadi leo. Siku zote nasema, mgonjwa asikilizwe kwanza. Alishalalamika kwamba jicho lina ukungu na miguu inakufa ganzi. Nani alimsikiliza?

Kumbe seli nyeupe za damu, zile za kupambana na vijidudu, zilikuwa zinaharibu mailini, utando wa mafuta unaofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ubongo unaamuru mguu uinuke, amri inachelewa au haifiki. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2022, wa wanajeshi zaidi ya milioni 10, ulionyesha hatari ya kuupata ugonjwa huu hupanda mara 32 baada ya mtu kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hicho kiligunduliwa 1964 katika uvimbe wa mgonjwa wa hapo jirani, Uganda. Lakini karibu sote tunacho, na wanaougua ni wachache mno.

Kwa hiyo kinga yake haikupungua, ilimgeukia. Dawa za hospitali zinaituliza. Hizo chupa za kuongeza kinga achana nazo. Na kurithi, si moja kwa moja: hata kwa mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui.

Je, baba yako mkubwa alaumiwe? Ugonjwa ni nadra huku karibu na ikweta, angeujulia wapi? Hata daktari wa kwanza alisema ni uchovu tu. Lakini kumwinua dada yake aliyeanguka kunahitaji elimu gani? Mgonjwa asikilizwe kwanza, Tausi! Basi, simhukumu, ni kaka yangu. Ila radhi hajaomba, na shangazi yako yupo palepale Mwanga, anafikika kwa miguu.

Wewe jicho likikuuma na kuona ukungu, nenda hospitali siku hiyohiyo, halafu ndipo unipigie.

Baba yako