Anza na gretl, na anza na data ambayo majibu yake yanajulikana

Muhula wa ekonometriki, yaani somo la kupima uhusiano wa mambo ya kiuchumi kwa takwimu, ukianza, flashi huanza kuzunguka darasani. Ndani yake mna Stata, programu ya takwimu ya kulipia, iliyovunjwa kufuli, na mara nyingi mna virusi vilivyodandia safari hiyohiyo. Iache ipite. Kazi ya shahada ya kwanza haihitaji ulipe wala uibe: gretl na R ni programu za takwimu za bure kihalali, na rigresheni (mlinganyo unaokadiria kitu kimoja kwa kutumia vingine) ileile kwa data ileile hutoa majibu yaleyale popote.

Kati ya hizo mbili, tangulia na gretl. Inatunzwa na Allin Cottrell na Riccardo Lucchetti, na imetengenezwa kwa ajili ya ekonometriki, kwa hiyo menyu zake zinafuata mpangilio uleule wa masomo yako. R, iliyoasisiwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, ni bahari pana zaidi. Lakini itakudai ujifunze lugha ya kompyuta na ekonometriki kwa pamoja, na ukikwama hutajua ni ipi iliyokukwamisha. Tena kuna suala la bando: gretl ukishaipakua kutoka gretl.sourceforge.net, data za mazoezi zimo ndani yake na huhitaji intaneti tena, hata kama uko kwenye foleni ya feri Likoni, Mombasa.

Siku ya kwanza usiguse data yako. Fungua File, kisha Open data, kisha Sample file, ingia kwenye kichupo cha Ramanathan uchague data4-1. Hizo ni nyumba 14 za San Diego, Marekani: price ni bei kwa maelfu ya dola, sqft ni ukubwa kwa futi za mraba, bedrms ni vyumba vya kulala, baths ni bafu. Nenda Model, Ordinary Least Squares, weka price kama kinachoelezwa na sqft kama kinachoeleza. Ukipata mteremko (kiasi bei inavyobadilika kwa kila futi ya mraba) wa 0.13875 na R mraba (sehemu ya tofauti za bei inayoelezwa na mlinganyo) ya 0.8205, programu iko sawa na wewe uko sawa. Kumbuka kipimo: bei iko kwa maelfu, kwa hiyo futi moja ya mraba inaandamana na dola 138.75 zaidi, si senti 14. Wengi huteleza hapo hapo.

Sasa ongeza bedrms na baths. Mgawo wa bedrms, yaani namba inayoizidisha kwenye mlinganyo, unatoka -21.59, na hapo ndipo mwanafunzi huanza kuituhumu programu. Je, chumba kikiongezeka nyumba inashuka bei? Soma mlinganyo vizuri: ukubwa umeshikiliwa palepale. Chukua nyumba ya Kisauni yenye nafasi ya vyumba vitatu, itie kuta upate vinne bila kuongeza hata tofali moja nje. Kila chumba kinabana, na anayekuja kununua analiona hilo. Halafu tazama kosa sanifu lake, yaani kipimo cha jinsi makadirio hayo yanavyoyumba: 27.03, kubwa kuliko mgawo wenyewe. Maana yake data hii haiwezi hata kutofautisha mgawo huo na sifuri, kwa sababu nyumba ni 14 tu, na ukubwa, vyumba na bafu hupanda pamoja. Angalia pia R mraba imepanda hadi 0.836, ilhali ile iliyorekebishwa kulingana na idadi ya vielezi imeshuka kutoka 0.806 hadi 0.787. Ukielewa kwa nini moja imepanda na nyingine imeshuka, umepata nusu ya somo.

Kubofya ni kwa kujifunzia. Kazi ya kukabidhi iandike kwenye skripti: File, Script files, New script. Andika:

open data4-1.gdt
ols price const sqft
ols price const sqft bedrms baths

Bonyeza Ctrl na herufi R, majibu yote yanatoka. Msimamizi akisema uondoe nyumba mbili, unaongeza mstari mmoja badala ya kukumbuka ulibofya wapi wiki tatu zilizopita. Amri usizozijua utazikuta Tools, Command log. Kila ulichobofya kimeandikwa humo kwa lugha ya skripti.

Ukihamia kwenye data yako ndipo shida yenyewe inapoanza, na kwa kawaida kosa liko kwenye faili, si kwenye gretl. Mstari wa kwanza uwe majina ya safu peke yake, bila kichwa cha jedwali juu yake na bila seli zilizounganishwa. Jina lianze kwa herufi, lisiwe na nafasi. Ondoa koma za maelfu, maana 12,500 huweza kusomwa kama maneno. Pasipo na jibu acha wazi au andika NA. Usitie sifuri, kwa sababu sifuri ni jibu. Faili za CSV za Benki ya Dunia huja na mistari minne juu ya majina, na miaka imelazwa kwa upana. Futa hiyo minne, kisha geuza miaka ishuke chini.

Ukikusanya bei za nyanya soko la Kongowea, mmoja atakutajia bei ya kreti, mwingine ya ndoo, mwingine ya fungu. Pima, geuza zote ziwe shilingi kwa kilo kabla ya kuingiza. Rigresheni haijui fungu ni nini.

Kwa data za miezi au miaka, gretl huuliza kama data ina mpangilio wa wakati. Wengi hubofya No kwa haraka, kisha hushangaa hawapati data za kipindi kilichopita. Kwa data ya kila mwezi kuanzia Januari 2010, mstari mmoja unatosha:

setobs 12 2010:01 --time-series

Fahirisi ya bei za walaji ya KNBS, shirika la takwimu la taifa la Kenya, ina mtego wake. Msingi wa sasa, yaani mwezi ambao bei zake huhesabiwa kuwa 100, ni Februari 2019; kabla yake ulikuwa Februari 2009. Ukiziunganisha hivihivi, grafu itaonyesha bei za Kenya zimeporomoka kwa mwezi mmoja. Tafuta mwezi wenye namba za misingi yote miwili, gawanya mpya kwa ya zamani, kisha zidisha mfululizo wote wa zamani kwa jibu hilo. Na chora grafu kwanza, kila mara.

Ukiona R mraba ya 0.98 kati ya bei na wingi wa pesa, usiandae sherehe. Vitu viwili vinavyopanda kila mwaka huonekana ndugu hata kama havijuani. Granger na Newbold walilionyesha hili mwaka 1974: R mraba ikizidi takwimu ya Durbin-Watson, inayopima kama makosa ya mlinganyo yanafuatana, shuku. Fanya kipimo cha adf, na ukumbuke dhana yake ya kuanzia ni kwamba mzizi wa kitengo upo, yaani mfululizo unatangatanga bila wastani wa kuurudia.

Logi (logarithimu) nazo: LOG ya Excel ni ya msingi wa 10, log ya gretl na ya R ni ya asili, yaani ya msingi wa e. Usichanganye, tengeneza logi ndani ya programu.

Siku utakayohamia R, sakinisha R kwanza, RStudio baadaye, kwa kuwa RStudio ni dirisha tu la kuandikia R. Amri ya kupakua vifurushi vya nyongeza, install.packages, ni mara moja, tena ukiwa kwenye wifi ya chuo. Amri ya kuviita, library, ni kila unapoifungua R. Na chunga nyota, alama ambazo programu huweka kando ya mgawo kuonyesha kiwango ambacho unatofautiana na sifuri. Kwenye gretl nyota tatu ni asilimia 1, kwenye R ni asilimia 0.1, nyota moja ni asilimia 10 kwenye gretl, asilimia 5 kwenye R. Ukinakili jedwali la R ukaweka maelezo ya gretl chini yake, mtahini mwenye macho atakukamata. Afadhali uandike kosa sanifu chini ya kila mgawo, nyota uziache.