Leza ya uke baada ya kukoma hedhi: OCT inapima nini, na ipimwe vipi?

SWALI: Mimi ni daktari wa magonjwa ya wanawake Dar es Salaam. Kliniki yetu inatumia leza ya CO2 kutibu ukavu wa uke kwa wanawake waliokoma hedhi. Muuzaji anatushawishi tununue mashine ya OCT (optical coherence tomography, yaani kupiga picha za tabaka za tishu kwa mwanga) yenye probu ya ukeni. Anasema itatuonyesha kama tiba imefanya kazi, bila kukata kinyama cha kupeleka maabara. Ni kweli? Na tukiinunua, tupime vipi na lini?

JIBU: Daktari, amekuambia nusu ya ukweli. OCT itakuonyesha kama ukuta wa uke umebadilika. Kama mgonjwa amepata nafuu, hilo atakuambia mwenyewe, na majibu hayo mawili hayalingani kila mara.

Mashine hii hutuma mwanga usioonekana, mara nyingi wa karibu nanomita 1300, na kusoma unavyorudi kutoka kwenye tishu. Haifiki mbali, milimita 1 hadi 2 tu, lakini hutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban mikromita 10, jambo ambalo ultrasaundi ya kawaida ya ukeni haiwezi. Kwenye picha, epitheliamu, yaani tabaka la juu la ukuta wa uke, ni utepe wa kijivu kilichofifia, na lamina propria, tabaka la tishu unganishi lililo chini yake, inang'aa zaidi. Homoni ya estrojeni ikipungua, utepe hukonda, na mpaka wa tabaka hizo mbili hupoteza mawimbi yake na kuwa bapa. Unachopima ni umbali kutoka juu ya utepe hadi kwenye mpaka huo.

Hapo ndipo makosa huanzia. Mwanga husafiri polepole zaidi ndani ya tishu kuliko hewani, kwa hiyo urefu unaosomwa lazima ugawanywe kwa kipeo cha mpindo (refractive index, namba inayoonyesha tishu inapunguza kasi ya mwanga mara ngapi), takriban 1.4. Ukisoma mikromita 280, unene halisi ni 200. Lakini programu nyingine hugawanya zenyewe kabla ya kukuonyesha namba; ukigawanya tena utapata 143 na kudhani mgonjwa amenyauka. Muulize fundi wa mashine swali hilo siku ya kwanza, jibu lake liandikwe kwenye daftari la mashine.

Kosa la pili ni mgandamizo, na ndilo linaloharibu vipimo vingi kimyakimya. Probu nene hutanua uke, na ukuta uliotanuliwa husomeka mwembamba. Tumia kipenyo kilekile kila ziara, kibofu kiwe kitupu, probu ishikwe na kishikio badala ya mkono, na jeli isiwe na mapovu chini ya kondomu ya probu. Mwanga nao uingie wima: ukuta ukiinama digrii 30, unene unazidishwa kwa karibu asilimia 15. Kwa sababu uke una mikunjo, nukta moja haitoshi. Chukua wastani wa sehemu ndefu ya picha, ukuta wa mbele, wa nyuma, kulia na kushoto, kwa kina kinachojulikana kwa sentimita kutoka mlangoni.

Kabla ya leza ya kwanza, piga picha, toa probu, iingize upya, upige tena. Tuseme ya kwanza inatoa mikromita 150 na ya pili 162, siku hiyohiyo, kwa mgonjwa yuleyule. Rudia kwa wagonjwa kadhaa upate kiwango cha kuyumba kwa vipimo vyako. Ongezeko lolote lililo ndani ya kiwango hicho usiliite mafanikio.

Kuhusu muda: picha ya papo hapo baada ya leza ya CO2 ni ya kukagua kazi ya leza yenyewe. Vitundu vilivyotobolewa na leza huonekana kama vishimo vyenye kivuli chini, na unaweza kuona kama vina kina sawa na kama kuna sehemu iliyorukwa. Usipime unene siku hiyo. Uvimbe, damu na tishu iliyoungua vinapotosha. Pima kabla ya kila kikao kinachofuata, yaani baada ya wiki 4 hadi 8 kulingana na ratiba yenu, kisha miezi 3, 6 na 12 baada ya kikao cha mwisho.

Kama mnafanya pia uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa asidi ya asetiki, OCT itangulie. Asidi hubadilisha jinsi tishu inavyorudisha mwanga. Mabaki ya krimu hutengeneza tabaka la uongo juu ya epitheliamu, yapanguswe. Na mgonjwa anayepaka estrojeni ukeni hawezi kukuthibitishia leza, maana estrojeni peke yake hunenepesha epitheliamu. Mwenye damu baada ya kukoma hedhi achunguzwe kwanza, leza isubiri.

Muuzaji akikuonyesha lamina propria inayong'aa zaidi na kusema ni kolajeni mpya (protini inayoipa tishu uimara), usikubali haraka. Mng'ao hubadilika hata kwa mgandamizo na umbali wa lenzi. Kolajeni hufuatiliwa vizuri zaidi kwa OCT inayopima upolarishaji wa mwanga (mwelekeo wa mitetemo yake), ambayo ni mashine nyingine.

Kuhusu leza yenyewe: Julai 2018 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitoa onyo dhidi ya kuitangaza kwa dalili za uke za kukoma hedhi, ikitaja kuungua, makovu na maumivu ya kudumu. Mwaka 2021 jarida la JAMA lilichapisha jaribio la Australia lililolinganisha leza ya CO2 na leza ya kuigiza kwa wanawake 85. Baada ya miezi 12 dalili hazikutofautiana kwa maana. Wagonjwa wenu waambiwe hivyo kabla ya kulipa.

Kwa hiyo mashine ikija, kila picha iambatane na alama ya 0 hadi 3 ya dalili inayomsumbua mgonjwa zaidi, pH ya uke (baada ya kukoma hedhi kwa kawaida huzidi 5), na alama ya afya ya uke ya 5 hadi 25. Fedha ikiwa finyu, vitatu hivyo mnaweza kuvianza kesho kwa karatasi za pH na fomu, OCT ikabaki kwa hospitali inayofanya utafiti wenye kundi la kulinganisha.