Gini haijasogea: je, mageuzi hayakumgusa mtu?

SWALI: Nimesoma tathmini moja inayosema kipimo cha Gini, kile cha tofauti ya kipato, kilikuwa 0.4 kabla ya ubinafsishaji na kikabaki 0.4 baada yake. Ni sahihi kusema tofauti ya kipato haikubadilika?

JIBU: Kwa namba hiyo peke yake, hapana. Gini ni 0 wote wakipata sawa, na hukaribia 1 mmoja akizoa vyote. Haisemi nani kapanda na nani kashuka.

Chukua watu watano wanaogawana 30. Kabla ya mageuzi, wawili hawana kitu na watatu wana 10 kila mmoja. Baadaye wanne wana 3 kila mmoja, wa tano ana 18. Piga hesabu: Gini ni 0.4 mara zote mbili! Wa chini wameinuka kidogo, wawili wa kati wameporomoka kutoka 10 hadi 3, na mtu mmoja ameshika asilimia 60.

Huyo wa 18 ndiye wa kuchunguzwa. Wengi hudhani mageuzi hukwamishwa na walioumia. Mwaka 1998 mwanasayansi ya siasa Joel Hellman, akichambua nchi zilizotoka kwenye ukomunisti, alionyesha kinyume: kikwazo kikubwa walikuwa walionufaika mapema. Biashara ya nje ikifunguliwa huku bei za ndani zikiendelea kupangwa na serikali, mwenye mlango wa kuuza nje hununua kwa bei ya serikali na kuuza nje kwa bei ya soko. Bei zikiachiwa, ulaji wake umekwisha, kwa hiyo hataki mageuzi yarudi nyuma wala yakamilike.

SWALI: Nikipewa ripoti kama hiyo, nikague nini kwanza?

JIBU: Tazama kama imepima kipato au matumizi. Gini ya matumizi kwa kawaida huwa ndogo, kwa hiyo kulinganisha ya matumizi ya mwaka huu na ya kipato ya zamani ni kujidanganya. Kisha dai fungu la kipato linaloshikwa na asilimia 10 ya watu wa juu na la asilimia 40 ya chini, kabla na baada ya kodi na ruzuku. Bila hayo mchango wa serikali hauonekani. Na uulize kama rekodi za kodi zilitumika. Dodoso la kaya huwakosa matajiri: wengine hawafikiki, wengine hutaja nusu ya walicho nacho.