Usipandishe joto la maji kwa ajili ya feni moja

Tulipohamia nyumba hii ya Leeds, Uingereza, boila ya gesi ilikwisha kung'olewa na pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la hewa ya nje na kupasha maji ya kupashia nyumba, imewekwa nje. Rejeta za ukutani, zile zinazopitisha maji hayo kupasha vyumba, zilibadilishwa, zikawekwa kubwa zaidi. Kilichoachwa ni kipasha joto cha jikoni: kisanduku kilichofichwa chini ya makabati, usawa wa nyayo, chenye koili (bomba lililokunjwakunjwa) ya kupitisha maji hayo na feni ndogo ya kupuliza joto lake. Januari ikaingia, na feni haikuzunguka hata siku moja. Mama, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, akawa anapika na koti mwilini.

Fundi wa kwanza aliniambia nipandishe maji yafike nyuzi 50. Nikapandisha. Feni ikazunguka, lakini bili ya mwezi ule iliniumiza. Pampu ya joto hula umeme zaidi kadiri unavyoidai maji ya moto zaidi, nami nilikuwa naidai kwa nyumba nzima ili kuridhisha kisanduku kimoja. Ukipewa ushauri huo, ukatae.

Tatizo lilikuwa swichi ndogo ya joto iliyobanwa kwenye bomba la shaba ndani ya kisanduku. Kazi yake ni kuzuia feni isipulize ubaridi kabla maji hayajapata moto. Yangu ilipangwa iwake kwenye nyuzi 42, kipimo cha zama za boila yenye maji ya nyuzi 70. Maji yetu ni nyuzi 35, basi feni ingewakaje?

Fundi umeme aliiondoa akaweka inayowasha kwenye nyuzi 30. Wapo wanaounganisha waya moja kwa moja, swichi isiwepo kabisa. Sishauri hivyo, maana pampu ikipumzika, au ikiyeyusha barafu iliyoganda kwenye kifaa chake cha nje, feni itaendelea kupuliza ubaridi miguuni. Na usifungue mwenyewe. Mle mna umeme wa volti 230.

Tuliongeza pia themostati ya ukutani, yaani kidhibiti cha joto la chumba, ila inaamrisha feni tu. Hapa nasisitiza. Ukiipa uwezo wa kuwasha pampu, pampu itawaka kwa ajili ya jiko peke yake, itazima baada ya dakika chache, kisha itawaka tena, kutwa nzima. Kompresa, moyo wa pampu, huchakaa kwa mtindo huo.

Kilichonichukua muda kukielewa ni wingi wa maji. Kwenye boila, maji yalikuwa yanarudi yamepoa kwa nyuzi 20 hivi. Kwenye pampu ni kama nyuzi 5. Kwa hiyo, ili kupata joto lilelile, maji yanayopita lazima yawe mara nne: karibu lita 3 kwa dakika kwa kila kilowati. Koki ya bomba la kurudi ilikuwa imekazwa tangu enzi za boila. Tulipoilegeza, tofauti ilionekana jioni ileile.

Hata hivyo usitarajie nguvu ya zamani. Kifaa kilichotoa kilowati 2 kwa maji ya nyuzi 65 kitatoa kama theluthi yake kwa maji ya nyuzi 35, chumba kikiwa nyuzi 20. Ndiyo maana sisi huiacha feni mwendo wa chini kwa saa nyingi. Ukiikimbiza, hewa ya nyuzi 28 ikipita kwa kasi kwenye ngozi huhisiwa kama baridi. Mama ndiye aliyeligundua hilo kabla yangu.

Na kama bado hujanunua kisanduku cha aina hii, muulize muuzaji kwanza: feni yake huanza kuzunguka maji yakiwa nyuzi ngapi?